Mtoto asiulizwe "ni kweli?" siku ya kwanza

Mtoto akisimama mbele ya hakimu akasema "ni kweli", kesi yake imekwisha. Hapaitwi shahidi. Hapaulizwi simu iliyoporwa ilipatikana kwa nani, wala kama taa za barabarani zilikuwa zinawaka usiku ule. Kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya tukio, mtoto huulizwa kama anayakubali, na akiitikia, kinachobaki ni kujadili atapelekwa wapi. Mimi nashikilia kwamba jibu hilo, kwa jinsi linavyopatikana kwa watoto wengi wanaofikishwa kortini hapa Mombasa, si la mtoto mwenyewe. Huwa limeshatolewa kwa niaba yake ndani ya seli, kwenye benchi la nje ya korti na katika hesabu za nyumbani. Korti hulipokea mwishoni tu.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 15 kutoka Mtopanga. Jumamosi usiku anarudi na wenzake wanne kutoka disko matanga, ile disko ya usiku penye msiba. Njiani mmoja wao anamsukuma mama aliyetoka kazini na kumpokonya simu. Wote wanatimka, naye anatimka. Hana mbio kama wenzake, kwa hivyo ndiye anayenaswa na vijana wa bodaboda, na kabla polisi hawajafika ameshakula makofi ya kutosha. Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini inaruhusu muda huo usogezwe hadi siku ya korti inayofuata ukiishia wikendi. Basi analala seli Jumamosi, analala Jumapili, na Jumatatu asubuhi anapandishwa gari hajaoga wala hajabadilisha nguo, uso umevimba kwa kulia na kwa mbu.

Mamake naye hakulala. Huyu hukaanga viazi karai na bajia jioni karibu na steji, na mtaji wake ni wa kutwa: asipouza leo, kesho hana cha kununulia viazi. Jumapili alikwenda kituoni mara mbili na chakula. Jumatatu yuko kwenye benchi nje ya Mahakama ya Watoto ya Tononoka, na ubavuni pake ameketi mama mwingine ambaye haya ameshayapitia.

"Mwambie akubali tu, mamangu," anamwambia. "Ni mtoto, watamsamehe. Akikana mtazungushwa mwaka mzima."

Anayasema kwa huruma. Askari aliyemleta kijana anasema vivyo hivyo, na huenda naye ana huruma. Hapo mama anaanza kupiga hesabu. Kila kesi ikitajwa ni nauli ya kwenda na kurudi, na jioni nzima ya biashara imekwenda na maji. Dhamana ikiwa ni ya pesa taslimu, pesa hana. Akitakiwa mdhamini mwenye mali, jamaa mwenye hati ya shamba yuko Kaloleni na hawajasemezana tangu ule msiba wa mwaka juzi. Dhamana ikikosekana, mtoto atavushwa feri apelekwe makao ya rumande ya watoto kule Likoni, na kila akitaka kumwona itabidi avuke. Shuleni walimu wataanza kuuliza. Majirani wameshaanza. Akikubali, pengine leo hii jioni watakula chakula pamoja nyumbani. Hesabu yote hiyo ni ya haki kwa mama aliye katika dhiki, lakini hakuna mahali inapouliza kama kijana alimpora mtu simu.

Kijana anamwona mamake akilia. Anataka kwenda nyumbani. Karani anamsomea mashtaka, nayo ni ya wizi wa mabavu. Anaulizwa ni kweli au si kweli. Alikuwepo. Alikimbia. Simu aliiona ikichukuliwa. Anasema ni kweli.

Kwa mujibu wa kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, wizi uliotumia nguvu au vitisho hauhitaji bunduki ili uwe wizi wa mabavu wa daraja la juu. Kuwa na mwenzako mmoja tu kunatosha, na kwa mtu mzima adhabu iliyoandikwa hapo ni kifo. Mtoto hahukumiwi kifo, lakini shtaka ni lile lile na uzito wake ni ule ule. Sasa, kuwepo mahali si kosa. Kukimbia si kosa. Ili kijana huyu awe na hatia, ni lazima awe alishirikiana na wenzake kwa nia moja. Walipanga? Alijua mwenzake anataka kufanya nini? Alisaidia? Alitarajia mgao? Hayo ndiyo maswali ambayo wakili angemuuliza faraghani kabla ya lolote. Mtoto hakuulizwa, na hakujua kwamba kuna la kuulizwa. Kukiri kwake kulihusu usiku ule kwa jumla, na korti ikakuandika kuwa kukiri shtaka.

Mahakama zetu zinaijua hatari hii tangu zamani. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka utaratibu ambao mahakimu wa Kenya wanaufuata hadi leo. Mshtakiwa asomewe shtaka na viungo vyake vyote, yaani kila jambo linalolifanya tendo liwe kosa hilo, kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kisha asomewe maelezo ya tukio na apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaongezea, na akitia shaka yoyote juu ya hatia yake, iandikwe kwamba amekana. Mwaka 1991, katika kesi ya Ndede, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikaongeza kwamba korti hailazimiki kupokea kukiri kwa mtu, maana huenda ameumizwa, au amechanganyikiwa, au amecheleweshwa mno kabla ya kufikishwa mbele yake.

Ni ulinzi mzuri, ila uliundwa kwa kumfikiria mtu mzima. Nguvu yake yote inategemea mshtakiwa aweze kusema "hapo sikubali" pale maelezo yanaposomwa. Mtoto aliyeshaamua kwamba kukubali ndiyo njia ya kwenda nyumbani ataitikia kila hatua. Ukimsomea viungo vyote vya kosa, ataitikia. Ukimsomea maelezo yenye makosa matatu, ataitikia. Kumbukumbu za korti zitaonyesha kwamba utaratibu wa Adan ulifuatwa neno kwa neno, na jaji wa rufaa akizisoma hataona kasoro.

Tena mtoto wetu ana la ziada. Tumemlea kwa adabu. Tumemwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Chuoni amekaa mbele ya ustadhi akarudia alichosomewa, nyumbani amefundishwa kwamba mkubwa akisema humjibizi, na hata macho huyainui. Sitaki tuache kumlea hivyo. Lakini mtoto huyo akiingia chumba kimoja na hakimu, karani, kiongozi wa mashtaka, askari, afisa wa watoto na mzazi wake, ameingia chumba cha wakuu watupu, na wote wanamwelekea yeye. "Umeelewa?" anaulizwa. Atasema ndiyo. Mtoto wa miaka 13 hasemi "sijaelewa, mheshimiwa" mbele ya watu wazima sita, hata kama shtaka liliandikwa kwa Kiingereza, likatafsiriwa haraka haraka kwa Kiswahili, na lugha anayoiota usiku ni Kigiriama au Kidigo. Katiba inampa haki ya mkalimani bila malipo. Haki hiyo huidai mtu anayejua kwamba hajaelewa na asiyeona haya kulitamka hilo.

Haya si ya Mombasa peke yake. Nchini Marekani, Thomas Grisso, Laurence Steinberg na wenzao walichapisha mwaka 2003 utafiti uliohusisha watoto na vijana 927 wa miaka 11 hadi 17, pamoja na watu wazima vijana 466 wa miaka 18 hadi 24. Waliwapa mifano ya kesi na kuwauliza wangefanya nini. Ilipofika kwenye makubaliano ya kukiri kosa ili kupata nafuu, karibu robo tatu ya wale wa miaka 11 hadi 13 walisema wangekubali. Kwa watu wazima vijana walikuwa nusu. Watafiti haohao walikuta kwamba karibu theluthi ya watoto wa miaka 11 hadi 13, na kiasi cha mmoja kati ya watano wa miaka 14 na 15, uwezo wao wa kuelewa na kufikiria mambo ya korti ulikuwa duni kama wa watu wazima wenye maradhi ya akili ambao korti ingeweza kuwaona hawafai kusimamishwa kesi. Kadiri umri unavyopungua ndivyo mtoto anavyoliona la leo na kutoliona la mwakani, na ndivyo anavyoelekea kumtii mwenye mamlaka. Mzazi hahitaji utafiti kulijua hilo. Korti inauhitaji, kwa sababu bado inapokea jibu la mtoto kwa mizani ya mtu mzima.

Huko England na Wales, ambako umri wa kushtakiwa unaanza miaka 10, anayekiri mapema kabisa hupunguziwa adhabu hadi theluthi moja, na punguzo hilo limeandikwa kwenye miongozo ya mahakama. Kwetu makubaliano rasmi ya kukiri yaliingia sheriani mwaka 2008, yana fomu zake na masharti yake. Kinachowasukuma watoto wetu hakimo kwenye fomu. Ni neno la korido, "watamsamehe", ambalo halina mwenye kulitia sahihi na ambalo hakuna atakayeulizwa msamaha usipokuja.

Kwa jamii kubwa ya mji huu, tahadhari juu ya kukiri si jambo geni la kuletewa. Wengi wetu tumesomeshwa hadithi ya Maiz, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kukiri kosa zito. Mtume alimgeuzia uso. Akaja upande wa pili, akageuziwa tena, mpaka akakiri mara nne, na hata hapo yaliulizwa maswali: ana wazimu? Amelewa? Na huyo alikuwa mtu mzima aliyekwenda kwa miguu yake, hakuna aliyemshika. Tumesomeshwa pia kwamba kalamu imeinuliwa kwa watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Korti za jinai za Kenya haziendeshwi kwa fiqhi, na sisemi ziendeshwe. Nasema tu kwamba mzee wa Mji wa Kale aliyekulia kwenye mafundisho hayo hapaswi kuridhika mjukuu wake akiulizwa mara moja, kwa haraka, asubuhi baada ya kulala seli.

Liko jambo linalonisumbua zaidi ya yote katika sheria yetu wenyewe. Mtu akikiri kwa polisi, Sheria ya Ushahidi haimpokei kirahisi. Kukiri huko hakuna thamani kortini mpaka kuwe kumefanyika mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Bunge liliweka kuta hizo kwa sababu lilijua yanayotokea vituoni. Sasa mtoto huyohuyo, kwa hofu ileile na baada ya usiku uleule, akihamishwa kutoka kituoni hadi kortini na kusema maneno yaleyale, kuta zote zimeondoka. Hapana mtu wa tatu aliyemchagua yeye. Mzazi yupo, ndiyo, lakini mzazi ndiye aliyemwambia akubali.

Mfano mwingine ni wa umri. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilifanya jambo kubwa: ilipandisha umri wa kubeba dhima ya jinai hadi miaka 12, kutoka ule wa miaka minane tuliorithi kwenye Kanuni ya Adhabu. Ikaongeza kwamba aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya, mpaka korti iridhike kwa ushahidi kwamba anajua. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilishauri mwaka 2019 kwamba umri wa chini kabisa uwe angalau 14, kwa hivyo bado tuko nyuma, lakini hatua ilipigwa. Sasa mchukue mtoto wa miaka 13 anayesema "ni kweli" asubuhi ya kwanza. Upande wa mashtaka haujaleta shahidi hata mmoja, na kwa kuwa amekiri hautaleta. Huo ushahidi wa kwamba mtoto huyu anapambanua umetoka wapi? Kukiri kwake hakuwezi kuwa ndio ushahidi, maana linaloulizwa ni kama ana akili ya kukiri. Kwa maoni yangu hakimu anayepokea "ni kweli" ya mtoto wa miaka 12 au 13 bila kwanza kusikiliza ushahidi juu ya upambanuzi wake amepitisha kesi juu ya kichwa cha Sheria ya Watoto.

Kisha kuna kesi za wapenzi wa rika moja, ambazo wazazi huzizungumza kwa sauti ya chini. Kijana wa miaka 16 na msichana wa miaka 16 wanapendana. Nyumba ya msichana inagundua, ripoti inapigwa, na mvulana anashtakiwa kwa unajisi chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, ambayo kwa msichana wa umri huo inamwekea mtu mzima kifungo kisichopungua miaka 15. Ridhaa ya msichana si utetezi, kwa kuwa ni mtoto. Ila kuna utetezi mwingine katika sheria ileile, wa mtu aliyedanganywa umri na akawa na sababu ya kuamini. Na kuna swali la kikatiba ambalo limefikishwa katika Mahakama Kuu: kwa nini kati ya watoto wawili waliotenda jambo moja ashtakiwe mmoja? Kijana hayajui hayo. Anapoulizwa kama ni kweli, anasikia anaulizwa kama alikuwa na msichana huyo. Wengine watasema ni kweli kwa kuona aibu, na wengine watasema ni kweli kwa kumpenda, wakidhani kukana ni kumkana yeye.

Nimesema watoto hukubali wakidhani watarudi nyumbani. Pengine watarudi. Kuna kifungo cha nje, kuna kuachiliwa kwa onyo, na maafisa wa probesheni huandika ripoti zinazosaidia. Lakini kwa mvulana aliyefika miaka 15 kuna pia taasisi ya Borstal ya Shimo la Tewa, ambako vijana waliopatikana na hatia hufungiwa ili warekebishwe, na amri ya kupelekwa Borstal ni ya miaka mitatu. Sheria inakataza kuiita hukumu ya kifungo. Mtoto atakayelala huko atajua mwenyewe la kuiita. Aliyekiri hupoteza pia sehemu kubwa ya haki ya rufaa, kwa sababu kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamwachia kulalamikia uhalali na ukubwa wa adhabu tu. Ili apite hapo lazima amshawishi jaji kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na dosari, na kumbukumbu, kama tulivyoona, zitakuwa safi. Miaka ikipita atatafuta kazi bandarini, au ya ulinzi, au atataka kwenda Ghuba, aombwe cheti cha tabia njema. Mtoto wa miaka 15 hakiwazii cheti hicho asubuhi ya Jumatatu. Mamake angekiwazia, lau angepewa saa moja ya kutulia na mtu wa kumweleza.

Nimekutana na jibu kwamba siku hizi kuna diversheni, yaani kumwelekeza mtoto nje ya korti badala ya kumshtaki, kwamba watoto wengi hawahitaji hata kufika kwenye kesi. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina sera yake ya diversheni, na Sheria ya Watoto imeipa nafasi kubwa. Lakini tazama mlango wake uko wapi. Ili mtoto aelekezwe nje ya korti, ni lazima kwanza abebe dhima ya tendo kwa hiari yake. Aliyemrushia mwenzake jiwe kweli atapita hapo, atapatanishwa na aliyemuumiza, na ataendelea na shule, na hivyo ndivyo inavyofaa. Ambaye hakurusha ana mawili: aseme alirusha apite, au ashikilie ukweli abaki na kesi. Hatukukusudia kumwadhibu mtoto kwa kusema kweli, lakini tusipokuwa waangalifu ndilo litakalotokea. Ndiyo maana hata diversheni inataka mtoto awe amezungumza na wakili kabla ya kubeba chochote.

Watu wa Kisauni na Likoni watauliza, na wana haki ya kuuliza, mbona twawahurumia hawa. Ziko familia zilizokatwa mapanga na magenge ya vijana wadogo kabisa, watu wamevamiwa wakitoka msikitini alfajiri au wakifunga duka. Hofu yao ni ya kweli. Kwa ajili yao hasa nasema kukiri kwa mtoto asiye na hatia ni hasara. Msako ukipita mtaani, wanaobebwa mara nyingi ni waliokuwa wamekaa maskani, wasiokuwa na mbio na wasiokuwa na jamaa wa kupiga simu. Mmoja akisema ni kweli, faili limefungwa, na aliyekata mtu panga hatafutwi tena. Mtoto mwenyewe hatamtaja, kwa sababu kumchoma mwenzake mtaani ni kujitia mashakani upya, na kukubali peke yake kunamwondolea swali hilo pia.

Hatuwaoni wakikubali. Kesi za watoto husikizwa faragha, na ni sawa, maana jina la mtoto halistahili kuzungushwa mitaani. Lakini faragha hiyo imetufanya tusijue jinsi jibu linavyochukuliwa. Kortini kwa watu wazima mwandishi wa habari huketi na akaona mshtakiwa aliyeitikia kabla shtaka halijamalizwa kusomwa. Kwa watoto hakuna jicho kama hilo, kwa hivyo sheria yenyewe inapaswa kuwa ndilo jicho.

Ninachopendekeza hakihitaji Bunge. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inasema mshtakiwa akikataa kujibu, korti itamwandikia kwamba amekana. Yaani anayenyamaza analindwa, na upande wa mashtaka unabaki na kazi yake ya kuthibitisha. Mtoto anayejibu bila wakili apewe angalau ulinzi anaopewa mtu mzima aliyenyamaza. Korti imwandikie kukana, kila mtoto, kwa kila shtaka, mpaka wakili aseme mbele ya hakimu kwamba amekaa na mteja wake peke yao, mzazi akiwa nje, na kwamba mtoto anaelewa anachokikubali. Katiba inatambua wakili wa gharama ya Serikali pale haki ingepotea bila yeye, Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu mwaka 2016, na tawi la Mombasa la Chama cha Mawakili lina watu. Kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo hakimu, polisi, upande wa mashtaka, maafisa wa watoto na mawakili huketi meza moja, inaweza kulipanga hili kwa zamu ya mawakili, siku kwa siku. Mzazi atolewe nje ya mazungumzo hayo si kwa kuwa hamtakii mema mwanawe. Mtoto hawezi kumwambia wakili "mimi sikufanya" mbele ya mama aliyemwomba akubali.

Pingamizi kubwa nalijua, na nalichukulia kwa uzito wake wote: ukimzuia mtoto kukiri leo, atakaa rumande mpaka wakili apatikane, na kwa aliyefanya kosa dogo utakuwa umemrefushia mateso kwa jina la kumlinda. Ni kweli itakuwa hivyo, tusipobadilisha na la dhamana. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto asizuiliwe ila pale njia nyingine zote zimeshindikana, na iwe kwa muda mfupi kabisa. Mtoto mwenye mzazi aliyeketi benchini hajafika huko. Aachiliwe mikononi mwa mzazi huyo kwa ahadi ya kuandikwa, bila pesa taslimu na bila hati ya shamba la Kaloleni, isipokuwa pale upande wa mashtaka utakapoonyesha sababu nzito juu ya mtoto huyo hasa. Kinachomfanya mama wa viazi karai amwambie mwanawe akubali ni hofu ya kurudi nyumbani bila yeye. Basi siku ya kwanza korti ishughulike na swali moja tu, mtoto huyu atalala wapi usiku huu, na habari ya ni kweli au si kweli ingoje wakili wake afike.